Muhuri wa Tarehe Kumi na Tisa

Jumatatu, 1 Julai

Likizo ndefu imeanza. Vita pia.

Asubuhi Mama Mkutubi alituita ofisini kwake, mimi na Kaka Puto, akafunga mlango na kuvua miwani. Akivua miwani ujue kuna neno. Akasema Mkurugenzi wa maktaba zote atakuja Ijumaa tarehe kumi na tisa, saa tisa alasiri, kutazama usomaji wa likizo. Akikuta chumba cha watoto kina uhai, ataajiri mtu wa kudumu wa kukaa mezani pale. Akikuta kimekufa, kitageuzwa stoo ya magazeti ya zamani.

Stoo! Chumba nilichojifunzia kusoma! Kile kiti kidogo cha bluu chenye mguu mfupi, aliyekivunja ni mimi, nikiwa na miaka sita, kwa kuyumba huku nikisoma. Siku ile nilijiapia kwamba nikikua nitafanya kazi humu humu. Nimekua. Shahada ya ukutubi ninayo. Kibarua cha wiki tatu ninacho. Kilichobaki ni meza.

Na Kaka Puto. Watu wawili, meza moja. Hesabu yake haihitaji shahada.

Kaka Puto yeye hana vyeti. Ana maputo, mikasi, gundi, na kicheko kinachosikika mpaka chumba cha magazeti. Amepewa baraza la nje: kukata, kubandika, kupaka rangi. Mimi nimepewa vitabu. Utaratibu ni huu: kila mtoto ana kadi yenye vyumba kumi. Anasoma kitabu, anakuja kunisimulia, nambandikia nyota. Nyota kumi, jina linapanda ukutani.

Mahudhurio ya siku ya kwanza. Baraza: watoto thelathini na mmoja. Chumba changu: wawili. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Wa pili ni msichana wa miaka saba asiye na meno mawili ya mbele. Nimempa jina la Kwanini, na sababu yake ilijidhihirisha ndani ya dakika moja. Alisoma kitabu cha kobe aliyetaka kuhama nyumba. Nikamuuliza dhamira ya kitabu ni nini. Akauliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia kusoma ndiko huko. Akasema yeye amesoma chote na hajaiona, labda ilikuwa kwenye ule ukurasa uliochanika.

Sikumpa nyota. Viwango ni viwango.

Jumatano, 3 Julai

Nimegundua tatizo. Watoto hawana mwongozo.

Nimeandika Kanuni Kumi na Nne za Msomaji Mdogo. Kanuni ya tisa ina vipengele vinne na tanbihi. Nikatoa nakala sitini, nikaziweka barazani juu ya meza, kila mtoto achukue yake.

Zikachukuliwa! Kufika saa sita hakuna hata moja iliyobaki. Nilikaa mezani nikisubiri wasomaji wangu waingie. Badala yake kitu chenye ncha kiliingia dirishani na kunichoma kwenye nywele. Kilikuwa kanuni ya kwanza hadi ya saba, yenye mabawa.

Kaka Puto alidhani ni karatasi za kuchezea. Ameomba radhi mpaka nikachoka kusamehe. Akaongeza kwamba karatasi yenyewe ni safi sana, ndege zinakwenda mbali. Mzee Funguo, mlinzi wetu, ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mashindano. Mshindi ni Kwanini. Ndege yake ilivuka geti. Kanuni ya pili inakataza kurusha vitu.

Baadaye Kaka Puto aliniletea chai, eti tuwe sawa. Nimeinywa. Kwa tahadhari.

Ijumaa, 5 Julai

Jana niliwaza siku nzima. Watoto hufuata kinachotembea. Kitabu hakitembei. Basi kitembee!

Nimejitengenezea jalada. Kadibodi mbili za boksi la friji, moja mbele, moja mgongoni, kamba mabegani. Mbele nikaandika NISOME kwa herufi kubwa. Mpango: napita barazani kimya kimya, kwa heshima zangu, watoto wanaacha mikasi, wananifuata chumbani kama vifaranga.

Wakanifuata! Kumi, ishirini, thelathini. Kaka Puto mwenyewe akafuata, na kisu cha karatasi mkononi. Nikafika mlangoni pa chumba cha watoto.

Sikuwa nimepima mlango.

Nikajaribu ubavu. Kona zikang'ang'ania fremu. Mbele sisogei, nyuma sirudi. Watoto wakapita katikati ya miguu yangu ili waone upande wa pili umeandikwa nini. Mzee Funguo akaitwa. Akaja na funguo zake zote, akanikagua juu hadi chini, akatoa uamuzi kwamba kitabu hiki kina jalada gumu. Mtoto mmoja alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Kwanini akauliza kwa nini kitabu kinatoka jasho. Mwingine akataka kujua kama naazimwa, na kama nikifika kwao nitakula.

Kaka Puto alinikata pole pole mpaka nikatoka.

Aibu! Aibu tupu! Watoto wote thelathini walikaa chumbani kwangu saa nzima wakisubiri ninase tena, na kwa kuwa hawakuwa na la kufanya wakafungua vitabu. Mimi nilikuwa nimejiinamia mezani. Mpango umeshindwa kabisa.

Jumapili, 7 Julai

Nyumbani. Mama aliniambia nina uso wa mtu anayechimba handaki. Bibi, ambaye husikia anachotaka, akauliza kama ni mchumba. Nikasema ni meza. Bibi akasema heri meza, haikoromi.

Nikawaeleza mambo ya kanuni na ya jalada. Bibi alicheka akashika mbavu. Mama hakucheka. Aliuliza, hao watoto nawafundisha au nawatega.

Nilikuwa na kitabu cha maktaba mapajani, kimefunguka ukurasa wa tarehe. Nikaangalia ile safu ya mihuri. Rudisha tarehe fulani. Rudisha tarehe fulani. Nikaruka, chai ya Bibi ikamwagika.

Muhuri wa tarehe! Mtoto anaweza kumkimbia mwalimu. Kanuni anaweza kuzirusha getini. Lakini tarehe ya kurudisha kitabu haikimbiwi, hata watu wazima wanaiogopa. Vitabu vyote vikigongwa tarehe kumi na tisa, basi tarehe kumi na tisa kila mtoto wa mtaa huu atakuwa amesimama mbele ya meza yangu, kitabu mkononi, Mkurugenzi akitazama! Na baraza je? Tupu. Puto moja likijiburuza sakafuni.

Mama alikuwa bado anasubiri jibu. Nikamwambia nawafundisha.

Jumanne, 9 Julai

Jana niliwahi kufika. Muhuri wetu una mikanda midogo ya mpira ya kuzungusha: siku, mwezi, mwaka. Nikaweka 19 JULAI. Kisha nikaingiwa na hofu kwamba mkono wa mtu utausogeza. Nikafungua kabati la Kaka Puto, nikatoa gundi yake ya mbao, nikatia tone kwenye kila mkanda. Akanikuta. Nikamwambia nabandika bahasha. Akasema gundi hiyo ikishika imeshika, bahasha hiyo ina bahati.

Pia nimeondoa kikomo. Kawaida ni vitabu viwili kwa kila mtoto. Lile tangazo nimeligeuza likatazama ukuta, nikasimama mlangoni: beba, mwanangu, beba!

Wamebeba! Kwa mikoba, kwa ndoo, kwa toroli la baba wa mtu. Habari imeenea kwamba Dada wa Maktaba amefungua mkono. Simuulizi mtu dhamira, nafasi hiyo sina. Nagonga tu, ko, ko, ko, kama fundi viatu. Kwanini amechukua tisa. Akafungua kimoja kimoja na kusoma tarehe. Akauliza kwa nini vyote vinarudi siku moja. Nikamwambia ili visiachane njiani. Akatafakari, akakubali. Ni mara ya kwanza amekubali kitu.

Barazani leo watoto kumi na wawili tu! Kaka Puto anawashonea watoto wangu mifuko ya kubebea vitabu. Kujipendekeza huko. Nimekuona, kaka.

Alhamisi, 11 Julai

Tatizo dogo. Maktaba nzima ina muhuri mmoja.

Nilisahau. Nikiwa kwenye chai, Mama Mkutubi huuchukua kwa ajili ya chumba cha watu wazima. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Amenasa mwalimu mstaafu, yule wa kofia, ambaye husoma ukurasa mmoja kwa kikombe kimoja. Amepewa siku nane kwa juzuu ya historia yenye kurasa mia tisa. Akalalamika. Mama Mkutubi akajaribu kuzungusha mkanda kwa kidole gumba, halafu kwa ufunguo, halafu kwa meno. Akasema muhuri umezeeka kama yeye. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema labda ni unyevu.

Na kuna wasaliti wanaotaka kurudisha mapema! Baba mmoja ameleta vitabu sita, eti wanawe wamevimaliza. Nikamwonyesha tarehe. Akasema ameiona, amewahi tu. Nikamweleza kwamba kuwahi nako ni kukosea tarehe.  Kisha akavirudisha mfukoni kimoja kimoja, akasema mambo ya siku hizi yanataka moyo.

Jumatatu, 15 Julai

Rafu ni tupu. Vitabu mia sita na kumi na viwili, vyote vimetoka. Kimebaki mwongozo wa kuzibua mitaro, nao sijui uliingiaje chumba cha watoto.

Nilidhani huu ni ushindi. Kisha wakaingia watoto arobaini kutafuta vitabu. Chumba kinatoa mwangwi. Kaka Puto alichungulia, akasema naona rafu zako nazo zimekwenda likizo, Dada. Akacheka bila ubaya wowote, na hicho ndicho kicheko kinachouma kuliko vyote.

Nikawaambia watoto wavumilie, ni siku nne tu. Hakuna aliyeondoka. Kwanini akaenda kwenye rafu ya chini, akapangusa vumbi kwa kiganja, akajikunja, akaingia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema yeye ni kitabu cha kobe, anayemtaka amwazime. Nikamweleza, kwa upole, kwamba mtu hawezi kuwa kitabu. Akauliza kwa nini, wakati mimi nilikuwa kitabu juzi juzi, tena nikanasa mlangoni.



Nusu saa haikupita, rafu zote za chini zimejaa. Wamejivika kadi zao shingoni zenye jina la kitabu. Anayetaka kusoma anapita, anachagua, anakivuta kitabu chake mkono, wanakaa mkekani, kitabu kinajisimulia. Mapacha wawili walikuwa juzuu ya kwanza na ya pili, na ya pili ilikataa katakata kufunguka kabla ya kwanza haijaisha. Wanabadilisha miisho! Kobe amehamia ghorofa ya nne! Nilikimbia huku na huko nikisahihisha, hakuna aliyenisikia.

Kisha mtoto wa miaka mitano akanishika sketi, akauliza mimi nimeazimwa au nipo.

Nilikuwa nipo. Nikakaa chini. Nikamsimulia kile kitabu nilichokuwa nasoma siku nilipovunja mguu wa kiti cha bluu. Chote, tangu mwanzo hadi mwisho, na sikujua kama bado nakikumbuka. Nilipoinua kichwa walikuwa wamenizunguka kumi na tisa, na Kaka Puto nyuma yao amekunja miguu, ana gundi kwenye nyusi, mdomo wazi.

Ilikuwa raha. Nakiri. Lakini ni kupoteza wakati. Cha maana ni Ijumaa.

Jumanne, 16 Julai

Mama Mkutubi amevua miwani.

Mkurugenzi amepata safari. Ijumaa hatakuwepo. Anakuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Tarehe kumi na nane! Siku moja kabla ya vitabu!

Mama Mkutubi akaja kukagua chumba. Akatazama rafu. Akaketi kwenye kiti cha bluu, kikayumba. Akauliza vitabu viko wapi. Nikasema viko salama. Akauliza salama wapi. Nikasema kila mahali. Nikamweleza yote, isipokuwa gundi. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba rafu tupu ndizo hasa zinazofaa kwa stoo ya magazeti.

Nilienda chooni nikanawa uso mara tatu.

Jumatano, 17 Julai

Nimepita nyumba kwa nyumba na toroli, nikiomba vitabu vyangu.

Mtoto wa kwanza alifungua kitabu, akaweka kidole juu ya tarehe, akaniambia Dada, ni Ijumaa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alinifungia mlango na kunionyesha tarehe dirishani. Yule baba wa vitabu sita akatoka mwenyewe, akafunga mikono kifuani, akanikumbusha kwamba kuwahi nako ni kukosea tarehe. Mchimba kisima nimeingia kisimani na ndoo yangu mkononi.

Kwanini alikuwa na vitabu vyake tisa vimefungwa kwa utepe, tayari kwa Ijumaa. Nikapiga magoti. Nikamwambia ukweli: kesho akija mgeni akakuta rafu tupu, chumba kinafungwa, na mimi natoka. Akafikiri sana. Akauliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo. Kisha akakumbatia vitabu vyake, akasema Ijumaa ni Ijumaa, ila nisijali, kesho yeye mwenyewe atakuja.

Atakuja mikono mitupu! Anisaidie nini?

Nilirudi na vitabu vitatu. Hata kimoja si cha kwetu.

Kaka Puto aliniona na toroli tupu. Alitoa masanduku ya viatu aliyoyakusanya mwaka mzima, rangi, brashi. Tumechora migongo ya vitabu mpaka jioni, minane kwa kila sanduku. Yeye anachora haraka huku akipiga mluzi. Migongo yangu ilikuwa sahihi zaidi, yake ilikuwa inavutia zaidi. Kwa mbali rafu zimejaa. Nikamuuliza kwa nini anamsaidia mpinzani wake. Akauliza mpinzani gani.

Ujanja wa hali ya juu.

Alhamisi, 18 Julai

Amekuja.

Mkurugenzi ni mama mfupi, mwenye mkoba mkubwa na viatu visivyolia. Hatukumsikia akiingia. Akapita rafu ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Rafu ya pili, akaitikia. Mama Mkutubi akaanza kupumua. Kisha Mkurugenzi akanyoosha mkono achukue kitabu kimoja, na vitabu vinane vikamjia kwa mpigo, na ndani yake mlikuwa na kiatu. Kimoja. Cha kushoto.

Kaka Puto akasema ahsante, alikuwa anakitafuta tangu mwezi wa tano.

Mama Mkutubi akavua miwani.

Mlango ukafunguka. Kwanini mbele, na nyuma yake wote: mapacha, yule wa kwikwi, yule wa sketi, zaidi ya hamsini, kadi shingoni. Hawakuniangalia hata. Walitoa masanduku, wakayapanga ukutani, wakaingia rafuni mmoja mmoja. Kwanini akamsogelea mgeni wetu.

"Shikamoo Bibi. Hivyo havisomeki. Niazime mimi."

Mkurugenzi akauliza yeye ni kitabu gani. Cha kobe. Akauliza kama ni kirefu. Akajibiwa kwamba inategemea maswali yake. Basi Mkurugenzi akaweka mkoba chini, akaketi kwenye kiti cha bluu, kikayumba, akasikiliza. Akaazima juzuu ya kwanza. Juzuu ya pili ikamkatalia kuondoka. Dereva wake alikuja kumkumbusha muda, naye akapewa kitabu, akakaa. Saa moja na nusu! Nilisimama kando nikiwa na mwongozo wa kuzibua mitaro kifuani, kitabu chetu pekee chenye karatasi chumba kizima.

Mwisho akaniita. Akauliza vitabu vyenyewe viko wapi. Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Yote yakayeyuka. Nikasema viko kwao, majumbani. Akauliza vyote? Nikasema vyote. Akasema ana miaka ishirini na miwili ya kutembelea maktaba, na rafu tupu hajawahi kuiona ila pale mchwa walipopita. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Akaniuliza jina langu. Akaliandika. Akaniuliza tena. Akaondoka na kadi ya msomaji yenye nyota tatu, watoto walizombandikia.

Mara mbili! Jina huulizwa mara mbili linapoandikwa kwenye barua ya kufukuzwa. Nimekwisha.

Ijumaa, 19 Julai

Nilisahau kwamba vitabu vitarudi.

Muhuri haujui safari za wakubwa. Saa mbili asubuhi foleni imefika kona ya barabara. Watoto, mama zao, ndoo, toroli. Watu wazima wote waliogongewa na Mama Mkutubi. Mwalimu mstaafu, macho mekundu, amefika ukurasa wa mia nane na sitini, anasoma akiwa amesimama na kuwaomba wa nyuma wampite. Vitabu mia sita vya watoto, mia tatu na zaidi vya wakubwa. Meza moja. Mikono miwili. Yule baba aliweka vitabu vyake sita mbele yangu kwa kishindo. "Na leo je?"

Nikaingia chini ya meza. Dakika moja tu.

Kaka Puto akachutama, akanichungulia, akasema Dada, kidole kimoja hakivunji chawa, toka huko. Akavua aproni. Akawapanga watoto mstari mmoja kutoka getini hadi rafu ya mwisho, na vitabu vikaanza kupita mkono kwa mkono. Kila kinapopita, aliyekisoma anapiga kelele. Hicho kizuri! Hicho mbwa anapona! Hicho ruka katikati! Mwanzoni zilikuwa kelele, baadaye zikapata mdundo, mdundo ukapata wimbo, Mzee Funguo akatikisa funguo zake. Mama Mkutubi naye akaimba. Sikujua ana sauti. Mwalimu mstaafu alimaliza ukurasa wa mwisho saa kumi kasoro dakika tano, akafunga juzuu, na foleni nzima ikamshangilia, akavua kofia.

Hakuna kilichopotea. Vimezidi vitatu.

Ndipo Mama Mkutubi akapanda juu ya kiti, si kile cha bluu, akasoma barua ya Mkurugenzi. Chumba kinabaki. Watoto-vitabu waendelee kila Ijumaa. Muhuri mpya unatumwa. Na meza ni yangu. Ya kudumu. Ya kudumu!

Nililia mbele za watu. Watoto walijaribu kunibeba juu juu, wakashindwa, wakaniweka chini kwa heshima.

Nilipotulia nilimwendea Kaka Puto, nikampa mkono kama mshindi muungwana, nikamwambia alipigana vizuri. Akanitazama kama nimeongea usingizini. Mama Mkutubi ndiye aliyeeleza. Kaka Puto hakuwahi kuitaka meza. Alisema siku ile ya kwanza, ofisini, mimi nikiwepo, kwamba akikaa kitini zaidi ya dakika kumi anavimba miguu. Inaonekana mimi nilikuwa naanza kutunga kanuni kichwani.

Mwombaji alikuwa mmoja. Mimi.

Jumatatu, 22 Julai

Siku yangu ya kwanza kwenye meza yangu! Nimefuta vumbi mara nne. Kiti cha bluu nimekiweka pembeni yangu, bado kinayumba, nimemkataza fundi asikiguse.

Nimeyachambua yaliyotokea kwa kina, kama msomi. Hitimisho: muhuri ulifanya kazi. Vitabu vyote, watoto wote, siku moja, kama nilivyopanga. Aliyekosea tarehe ni Mkurugenzi. Bibi aliniuliza jana nimejifunza nini katika haya yote. Nikamwambia: kupima mlango.

Kwanini amekuja na kadi yake imejaa. Nimeandika jina lake ukutani, la kwanza kabisa. Akauliza kwa nini natabasamu hivyo. Nikamwambia akasome.

Lakini kuna jambo. Mzee Funguo ameanza kuwasimulia watoto hadithi pale getini. Kila ufunguo una hadithi yake, na funguo anazo nyingi. Leo nimehesabu watoto kumi na wanne wamesimama kwake kabla hawajafika kwangu. Anajifanya anapitisha muda. Namwona. Ana mpango.

Likizo nyingine ni Desemba. Muhuri mpya umefika, unang'aa, mikanda yake inazunguka kwa urahisi mno. Nimemwomba Kaka Puto ile gundi ya mbao. Akauliza ya nini.

Nimemwambia ni ya bahasha.